Mshono wa Shangazi

Hospitali nzima ilimwita Shangazi, naye maishani hakuwahi kuwa na kaka, hata wa kusingiziwa. Jina alipewa na wafiwa wenyewe. Mtu amefiwa, amekaa kwenye benchi la nje ya chumba cha maiti, haoni wala hasikii, mara anamwona mwanamke wa makamo, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, anakuja polepole na kuketi kando yake. Hasemi neno. Anatoa leso, anaikunjua, anampa. Anangoja. Mwisho ndipo anasema, "Pole, mwanangu." Ungemwona ungeapa kwamba ni shangazi wa marehemu aliyefika kwa basi la kwanza. Wengi waliapa hivyo, na walipokuja kugundua kwamba ni mfanyakazi, tena mfanyakazi mwenye haja yake, walikuwa wameshamlilia begani. Sasa mtu uliyemlilia begani utamkataliaje?

Haja yenyewe ilikuwa hii. Ghorofa ya juu ya hospitali ile kulikuwa na watafiti waliotaka kujua kwa nini mwili mmoja hunenepa na kushikwa na sukari, na mwili wa pili unakula chakula kilekile na haushikwi na kitu. Kwa kazi hiyo damu haikuwatosha. Walitaka kipande cha kongosho, kile kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo la chakula, na vipande vya mafuta, yale ya chini ya ngozi na yale ya ndani yanayozunguka utumbo. Mtu aliye hai huwezi kumkata kongosho kisha ukamwambia asante, nenda nyumbani. Kwa hiyo walingoja watu wafe. Na kongosho halina subira. Mtu akishakata roho, lenyewe huanza kujila, na likiachwa mpaka jioni halina tena la kumwambia mtafiti. Ndiyo maana Shangazi alilazimika kuomba mapema, msiba ukiwa bado wa moto, na ndiyo maana wauguzi ambao hawakumpenda walimwita Fisi, ingawa hilo walilisemea kwapani.

Yeye hakujali. Aliamini kazi yake kuliko walivyoiamini wale waliokuwa na digrii zake. Mama yake mzazi alikufa kipofu kwa sukari, mumewe alikatwa mguu kabla ya kufa kwa sukari hiyohiyo, na mwanawe wa pekee alikuwa ameshaanza kujichoma sindano. Dawa lazima itoke mahali, alisema, na haitashuka kutoka mbinguni kwa kamba.

Kuomba nako kuna ufundi wake, na fundi alikuwa yeye. Alimfundisha msichana aliyeletewa awe msaidizi wake, msichana mwenye miguu myepesi na ulimi mwepesi zaidi, ambaye kwa sababu hiyo walimwita Mwepesi.

"Usimwombe mama," alimwambia siku ya kwanza. "Mama akisema hapana, hapana yake haipindiki hata uivute kwa winchi. Mtoto naye usimwombe, atalia tu. Tafuta mkwe. Au shemeji, au mume, yeyote aliyeingia ukoo ule kwa mlango wa harusi. Huyo ndiye anashika simu, ndiye anatafuta gari na jeneza. Anaumia, lakini anaumia huku anatafuta cha kufanya. Basi wewe mpe cha kufanya."

"Nimwambieje?"

"Mwambie ni kipande kidogo tu, ambacho ardhi ingekila bure. Mwambie, watoto wake utawaambia kwamba mama yao hajaondoka mikono mitupu, ameacha msaada. Halafu nyamaza. Usiongeze neno. Ukiongeza neno umeharibu."

Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na maneno ya Shangazi yaliwatoa wengi. Sisemi kwamba aliwadanganya. Kila alilosema lilikuwa kweli. Lakini alijua lisemwe kwa nani, na kujua huko ndiko kulikomtofautisha na watu wengine wanaosema kweli.

Jambo moja aliwapigania marehemu mpaka akagombana na wakubwa. Mhudumu wa chumba cha maiti, mzee mmoja wa maneno machache aliyeitwa Sindano, alikuwa na desturi ya kuwashona wote kwa uzi mnene, hatua ndefu ndefu, kama anafunga gunia la mkaa. Shangazi alimkalia kooni. "Huyu ametoa, hakunyang'anywa," alimwambia. "Mshone kama unamshona mtu atakayeamka. Dada zake watakuja kumvisha nguo, wasiione aibu yangu." Sindano akanung'unika, akatafuta uzi mwembamba, akajifunza hatua fupi zilizobanana, zinazoanzia chini ya kifua na kuzunguka kitovu kwa upande wa kushoto bila kukigusa. Mwisho akaupenda mshono huo mwenyewe. Waliochunguzwa chanzo cha kifo waliendelea kupata gunia lao. Waliotoa walipata mshono wa Shangazi, na ndivyo alivyouita.

Sasa tuje kwa mwanawe.

Alikuwa mwalimu wa chekechea, mnene tangu kuzaliwa, mwenye sauti ya kicheko inayofika kabla yake. Watoto waligombea mapaja yake kwa sababu yalitosha watatu. Aliolewa na fundi wa mafriji, mwanamume mpole aliyezungumza na mashine kuliko alivyozungumza na watu, na mbele ya mama mkwe ndiyo kabisa, sauti ilimkauka kwa heshima. Walizaa binti mmoja. Shangazi alikaa nao nyumba ileile, chumba cha nyuma, na kila jioni alipovua viatu mlangoni mwanawe alimpokea kwa swali lilelile.

"Mama, leo umembeba nani?"

"Koma, wewe! Mambo ya marehemu hayo."

"Nauliza tu. Asije akawa mtu tunayemdai sukari."

Walicheka. Lakini jioni moja Shangazi alirudi na furaha ya kupita kiasi. Alikuwa amepata sampuli nzuri, ya mtu mnene kijana, na Profesa, mkuu wa utafiti, alimshika mkono mbele ya watu. Akaisimulia mezani, akaeleza jinsi mafuta yale yalivyopigwa picha na kuonyeshwa ukutani, makubwa kama dirisha. Mwanawe akaweka kijiko chini. Mumewe alikuwa uani, kichwa ndani ya friji la mteja, hakusikia kitu.

"Mama, niahidi jambo."

"Sema."

"Mimi usinipeleke huko. Nikifa, usinitie kwenye boksi lako la barafu."

"Nani kakwambia unakufa kabla yangu?"

"Wewe ahidi tu. Mimi natazamwa tangu darasa la kwanza. Wakinipima wanaitana, njoo uone. Fundi wa nguo anachukua futi ya pili anacheka. Nimetazamwa vya kutosha nikiwa hai, mama. Nikifa nataka kufunikwa. Yasije mafuta yangu yakawekwa ukutani watu wakayanyooshea fimbo."

Hakuwa akitania. Shangazi aliona kidevu chake kinatetemeka kama kilivyotetemeka zamani akitoka shuleni siku za kupimwa uzito. Akamshika mkono juu ya meza.

"Nakuahidi. Hakuna mkono utakaokugusa isipokuwa wangu."

Ahadi ni deni, watu husema, na husema kwa wepesi. Shangazi aliibeba ahadi ile kama mtu aliyebeba maji yamejaa mpaka ukingoni. Ndiyo maana kiatu kipya kilipomchubua mwanawe kisigino, na mchubuko ukawa kidonda, na kidonda kikatia sumu kwenye damu, na mwanawe akalazwa katika hospitali hiyohiyo, wodi ya mwisho upande wa lango la nyuma, Shangazi hakumwambia mtu yeyote kazini. Aliomba likizo, akasema miguu yake inamsumbua. Akawa anaingia na wageni, bila koti lake la kazi, kitambaa ameshusha mpaka kwenye nyusi. Aliwajua watu wake. Mwanamke chini ya miaka arobaini, mnene, mwenye sukari: wangemtazama mwanawe kama yeye mwenyewe alivyowatazama wana wa wenzake, kwa huruma ya kweli kabisa na jicho moja kwenye saa.

Mwepesi alimpigia simu mara moja kuuliza neno.

"Usinipigie tena," Shangazi alimwambia. "Umeshaiva. Fanya kama nilivyokufundisha."

Mwanawe alikata roho asubuhi, wakati mama yake amekwenda nyumbani kumtayarisha mjukuu aende shule. Hilo nalo ni la kumlaumu nani? Mtoto lazima avae viatu. Simu ilipolia alikuwa amepiga goti anamfunga kamba za viatu, na alipomaliza kusikiliza alimalizia kamba ya pili, akampeleka kwa jirani, ndipo akatoka.

Alimkuta mkwe wake amekaa kwenye benchi. Ni benchi lilelile. Mwanamume yule akasimama, mikono imening'inia, macho mekundu.

"Mama," alisema, "usihangaike. Kila kitu nimeshakimaliza."

Shangazi alidhani anasema habari za gari na jeneza. Akamwambia Mungu akubariki, mwanangu. Halafu akakaa pale alipozoea kuwakalisha wengine, akalia, na hapakuwa na mtu wa kumpa leso.

Kesho yake aliingia kumvisha, yeye na jirani mmoja wa mwanawe. Alikuwa amechagua gauni la buluu, lile lisilobana. Jirani akainua shuka upande wa miguu, Shangazi akaishusha kutoka kichwani. Akaona hatua fupi zilizobanana, uzi mwembamba, zimeanzia chini ya kifua, zimekizunguka kitovu kwa upande wa kushoto bila kukigusa.

Jirani hakuelewa. Aliona mshono tu, na hospitali ni mahali pa mishono. "Jamani, wamemshona vizuri," alisema, kwa nia njema.

Shangazi alishika ukingo wa meza. Kwanza alidhani ameona vibaya, kisha akatamani awe amerukwa na akili, maana mwenye wazimu angalau hushikwa mkono akaonyeshwa njia. Ahadi yake ilikuwa pale tumboni mwa mwanawe, imeshonwa kwa heshima zote alizozipigania. Angekuta gunia la mkaa angepata wa kumtukana. Alimvisha gauni la buluu, akafunga vifungo mpaka juu. Kisha akatoka kumtafuta Sindano.

"Yule wa jana asubuhi," alimwambia. "Nani alimwomba?"

"Si msichana wako? Kafanya haraka kama moto. Mume alikubali papo hapo." Mzee alitabasamu kidogo. "Mshono umeuona? Nilijua utakuja kukagua."

"Ni mwanangu, Sindano."

Mzee akavua kofia yake. Akageuka akaenda kufungua bomba, akanawa mikono iliyokuwa safi.

Mwepesi naye alipiga simu mchana ule, amesahau katazo kwa furaha. "Shangazi! Nimepata! Mume wa marehemu alisema ndiyo hata sijafika mwisho. Na Profesa anasema hajawahi kuletewa kongosho bichi namna ile. Uko wapi, uje uone picha?"

Shangazi angeweza kumrarua. Neno moja tu lingetosha, na msichana yule asingelala tena usingizi wa maana maisha yake yote. Lakini amrarue kwa kosa gani? Kila hatua aliyopita alionyeshwa njia.

"Umefanya kama nilivyokufundisha," alimwambia, akakata simu.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Wangapi aliwapita pale benchini, akina mama wameinama wanalia, yeye anamwendea mkwe? Wangapi walikwenda kuvisha watoto wao nguo wakakuta mshono, wakauliza, wakaambiwa ni utaratibu, mume ameshakubali? Alidhani uzi mwembamba unatosha kuwa radhi. Alijiona mpole kuliko wenzake.

Lakini njia moja ilibaki, na aliijua kwa sababu aliieleza kila siku ya kazi. Aliyekubali anaweza kubadili nia. Akisema nirudishieni, atarudishiwa, haulizwi kwa nini, na kitazikwa panapostahili. Ila ni yeye tu aliyekubali, si mwingine. Mazishi yalipokwisha na watu wakapungua, Shangazi alimfuata mkwe wake uani. Alimkuta kakaa juu ya mkebe wa rangi, mbele ya friji lililofunguliwa mgongo, hafanyi kitu, ameshika bisibisi tu.

"Baba," alimwita, kama alivyomwita siku zote kwa adabu, "nani alikuja kukuuliza pale hospitali?"

"Msichana mmoja." Hakuinua macho. "Lakini, mama, mimi nilijua ni wewe umemtuma."

"Mimi?"

"Maneno yalikuwa yako. Yale ya ardhi kula bure. Nimeyasikia mezani miaka yote hii. Nikasema, mama ameona haya kuniomba mwenyewe, kwa hali ilivyo, ameleta mtu. Nikaona nisikuvunjie heshima nikamwuliza yule msichana maswali. Nikasema ndiyo." Akaizungusha bisibisi mkononi, akaongeza taratibu, "Kusema kweli moyo wangu haukutaka. Nilikubali kwa ajili yako."

Shangazi alifungua kinywa. Mambo yote yalikuwa ulimini: ahadi, kijiko kilichowekwa chini, kidevu kilichotetemeka. Neno moja la mwanamume huyu na mwanawe angerudi mzima, angefunikwa kama alivyotaka. Wakati huohuo mjukuu akatoka jikoni na kikombe cha maji, akiwa ameshika kile kidude cha kujitoboa kidole. Walikuwa wamempima mwezi uleule mama yake alipolazwa, na sukari ilikuwa imeshampata, mtoto wa miaka minane, mwenye mapaja ya mama yake.

"Bibi," alisema, "baba ameniambia mama yuko kazini kwako sasa. Kule juu. Anawasaidia madaktari kutafuta dawa yangu."

Akanywa maji, akamtazama bibi yake.

"Ukianza kazi tena utamwona?"

"Nitakuwa karibu naye," Shangazi alisema.

"Basi umsalimie. Mwambie leo sikulia kwenye sindano."

Akaingia ndani. Mkwe alijipangusa uso kwa mkono wenye grisi. "Ndicho pekee kinachomlaza usingizi," alisema. "Ulikuwa unataka kuniambia kitu, mama?"

Shangazi alimtazama mwanamume yule aliyekaa juu ya mkebe, aliyetoa mke wake vipande kwa kumstahi mama mkwe, na ambaye sasa alikuwa na kitu kimoja tu cha kumpa mtoto wake kila jioni. Akiyasema yaliyo moyoni, atamtimizia mwanawe aliyekufa na kuwaua hawa wawili. Asiposema, mwanawe atakaa huko juu ndani ya baridi, akitazamwa, mpaka watakapommaliza.

"Nilitaka kukushukuru tu, baba," alisema.

Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa mfiwa, na aliusema nyumbani.

Alirudi kazini. Watu wanamuuliza mpaka leo kwa nini hakuacha, na huwajibu kwa ukali kwamba kula lazima. Ukweli ni kwamba hakuna mlango mwingine unaofika karibu na mwanawe. Kila asubuhi hupanda ghorofa ya juu kuchukua barafu, na majokofu yanaunguruma pale ukutani, yote yamefanana, na humo ndani hakuna majina, kuna namba tu. Hajui yuko katika lipi. Hutoa salamu za mjukuu kwa yote, kwa sauti ya chini, na Profesa akipita hudhani mama wa watu anasali.

Siku yake ya kwanza, Mwepesi, ambaye alikuwa ameshaambiwa na Sindano na macho yake yalikuwa yamevimba, alimfuata nyuma kimyakimya mpaka kwenye benchi. Palikuwa na familia. Kijana wa watu amekufa, mnene, mwenye sukari. Shemeji yake alikuwa wima, simu sikioni, anatafuta gari, na alipomwona Shangazi na boksi alisogea mwenyewe, tayari kupewa cha kufanya. Mama wa marehemu alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, kiatu kimoja kimemtoka.

Shangazi alimpita shemeji. Akaketi sakafuni na magoti yake mabovu, akamvisha mama yule kiatu. Akamwambia yeye ni nani, anatoka wapi, na anataka nini, bila kutoa leso na bila kumwita mwanangu. Hakutaja ardhi. Alitaja kongosho, mafuta, kisu, na kwamba patabaki mshono.

Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho.

"Una watoto, wewe?" aliuliza.

"Nilikuwa naye mmoja."

"Alikufa?"

"Alikufa."

"Kwa hiyo wewe ulimtoa?"

"Alitolewa," Shangazi alisema. "Mimi sikuulizwa."

Mama wa watu alimtazama sana. Kisha akasema hapana.

"Asante," alisema Shangazi. Mwepesi alimsaidia kusimama, wakampita tena shemeji, wakaenda mpaka kwenye sinki la korido, na Shangazi akamwaga barafu yote ya ndani ya boksi.